Umebadilisha prosesa, kioo kimebaki cheusi: pa kuanzia

Kompyuta ilikuwa nzima asubuhi. Ukafungua kasha, ukatoa prosesa ya zamani, ukaweka yenye nguvu zaidi, ukabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo kinaandika "No Signal" na kulala. Ukiuliza kijiweni utaambiwa papo hapo kwamba umeuziwa prosesa mbovu.

Huenda, lakini hilo liwe wazo la mwisho. Prosesa ni kipuri kigumu kufa. Pawa saplai, diski na hata RAM hutangulia. Karibu kila mara chanzo kimo kati ya vitatu: prosesa mpya haina grafiki ndani yake, bodi mama haiifahamu prosesa hiyo, au kuna kitu kililegea, kilipinda au kilisahaulika mikono ilipokuwa ndani ya kasha. Tutakwenda kwa kufuata dalili, maana dalili ndiyo inayokuonyesha uanzie upande gani.

Ombi moja kabla hatujaingia: prosesa ya zamani usiiuze wala usiiache dukani. Muuzaji akitaka umwachie ili akupunguzie bei ya mpya, mwambie utampelekea wiki ijayo. Ukiirudisha kwenye soketi na picha ikatokea, umeshajua kwamba bodi, RAM, pawa saplai na kioo ni vizima, na kilichobaki kuchunguzwa ni prosesa mpya na BIOS, yaani programu ndogo iliyomo kwenye bodi inayoiamsha mashine. Picha isipotokea hata kwa ile ya zamani, acha kuilaumu mpya. Kuna kitu kimeguswa njiani. Kipimo hiki hakikugharimu chochote zaidi ya pesti ya kupitisha joto, ya kupaka upya juu ya prosesa.

Feni zinazunguka, kimya, kioo hakipati kitu

Hii ndiyo dalili ya wengi, na kwa bahati ndiyo yenye sababu nyepesi kuliko zote. Geuza kasha uangalie nyuma: waya wa kioo umechomekwa wapi? Kama umo kwenye tundu la VGA, HDMI au DisplayPort la bodi yenyewe, basi picha unayoisubiri hutengenezwa na grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Tundu la bodi ni mlango tu. Prosesa isiyo na grafiki haina cha kupitisha mlangoni hapo, hata kama kila kitu kingine kiko sawa na Windows imeshafunguka gizani.

Kuhakikisha kama inafunguka gizani ni rahisi. Subiri dakika moja hivi, kisha bonyeza Num Lock au Caps Lock kwenye kibodi ya waya. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine imeshavuka ukaguzi wa mwanzo na inafanya kazi. Tatizo lako ni picha peke yake. Taa isipoitika, mashine imekwama mapema zaidi, na jibu liko mbele kidogo katika makala hii.

Prosesa zisizo na grafiki ni nyingi, na ndizo zenye bei ya kuvutia. Kwa Intel tazama herufi ya mwisho. Ikiwa F, hakuna grafiki: i3-9100F, i5-9400F, i3-10100F, i5-10400F, i3-12100F, i5-12400F. Zenye KF ni hivyo hivyo. Kwenye vizazi vya 2 na vya 3 (namba inayoanza na 2 au 3 baada ya kistari), ambavyo bado vimejaa kwenye mashine zilizotumika, herufi ya kuogopa ni P: i5-2380P na i5-3350P hazitoi picha, ilhali i5-2400 na i5-3470 zinatoa. Wapo pia wanaonunua Xeon za E3 kwa sababu unapata nguvu ya karibu na i7 kwa hela ndogo. Hizo zitazame tarakimu ya mwisho: E3-1230, 1240 na 1270 hazina grafiki, E3-1225, 1245 na 1275 zinayo. Muuzaji anayejua kazi yake atakwambia. Wengi hawajui, wanasoma maandishi ya juu ya chuma kama wewe.

Kwa AMD mambo ni kinyume. Kwenye soketi ya AM4, Ryzen yenye grafiki ndiyo inayobeba herufi ya G: Ryzen 3 2200G, 3200G, Ryzen 5 3400G, 5600G, Ryzen 7 5700G. Ryzen 5 1600, 2600, 3600, 5500, 5600 na 5600X zote hazina. Hapa ndipo wanaponaswa wale walioanza na 2200G bila kadi ya grafiki. Miaka yote walichomeka HDMI kwenye bodi wakapata picha, na hawakuwahi kuwa na sababu ya kujiuliza inatoka wapi. Wakiweka 5600, wamepata nguvu maradufu na kupoteza picha kabisa. Soketi ya AM5 iliyokuja mwaka 2022 imepunguza balaa hili, kwani Ryzen 7000 za mezani kwa kawaida zina grafiki ndogo ndani, isipokuwa zenye F kama 7500F.

Dawa ni kadi ya grafiki, hata ndogo. Lakini kadi nayo ina mambo yake kwa sisi tunaotumia vioo vya zamani vyenye VGA. Kadi za GeForce kuanzia familia ya GTX 1000 hazitoi tena ishara ya analogi ambayo VGA huitegemea. GT 1030, ambayo watu huipenda kwa mashine ndogo, kwa kawaida ina HDMI na DVI-D. Kile kiunganishi cha bei rahisi cha DVI kwenda VGA, kipande cha plastiki kisicho na kitu ndani, hakitafanya kazi hapo hata ukikisukuma kwa nguvu. Na DVI-D haina zile pini nne zinazozunguka ubapa, kwa hiyo mara nyingi hata hakiingii. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani yake.

Na kama kadi ilikuwepo tangu mwanzo, hakikisha waya wa kioo umeurudisha kwenye kadi. Inachekesha, lakini hutokea: kasha lilikuwa limelala chali, waya zote zimechomolewa, mtu akarudisha HDMI kwenye tundu la kwanza aliloliona. Mashine nyingi za ofisi za Dell na HP huzima matundu ya bodi zikiona kadi imechomekwa.

Soketi ni ileile, lakini bodi haiifahamu prosesa

Prosesa kuingia kwenye soketi haina maana kwamba itawaka. Intel ndio mabingwa wa kuwachanganya watu kwa hili. Soketi ya LGA 1151 ilitumika kwa kizazi cha 6 na cha 7, kisha mwaka 2017 ikaja kwa kizazi cha 8, na baadaye cha 9, ikiwa na umbo lilelile na vipengele vilevile vya kuongoza chip, lakini mpangilio wa baadhi ya pini ukabadilishwa. Ukichukua i5-8500 ukaiweka kwenye Dell OptiPlex 7050, ambayo ni ya kizazi cha 6 na cha 7, itakaa vizuri, kishikio kitafunga, na hutaona kitu. Hakuna BIOS rasmi itakayolitatua. Rudisha chip dukani, utafute i7-7700.

Kwa mashine za ofisi zinazoletwa kutoka Ulaya, zile zinazopangwa juu kwa juu Kariakoo na kwenye maduka ya Luthuli Avenue, mtego mkubwa ni wa LGA 1155. Soketi hii ilibeba kizazi cha 2 na cha 3, na watu wakasoma hivyo wakaamini bodi yoyote inakubali vyote viwili. Sivyo. Bodi zenye chipseti (chip kuu ya bodi) za B65, Q65 na Q67 zilibaki na kizazi cha 2. Maana yake OptiPlex 790 na 990, HP Compaq 6200 Pro na 8200 Elite hazitaki i7-3770. Ndugu zao waliofuata, OptiPlex 7010 na 9010, HP 6300 Pro na 8300 Elite, wanakubali kizazi cha 2 na cha 3. Kwa nje 990 na 7010 zinafanana mno, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa kwenye kasha. Mwenye 8200 Elite anayetaka nguvu zaidi atafute i7-2600. Ndiyo dari yake, na kwa kazi za ofisi bado inatosha.

LGA 1200 ina la kwake: bodi za H410 na B460 kwa kawaida hazikubali kizazi cha 11, hata kama soketi ni moja.

Halafu kuna kundi la pili, ambalo bodi ina uwezo wa kuibeba prosesa mpya lakini BIOS yake iliandikwa kabla prosesa hiyo haijazaliwa. Hapa kuna matumaini. Bodi ya B450 iliyonunuliwa mwaka 2018 haijui chochote kuhusu Ryzen 5 5600, kwa kuwa Ryzen 5000 zilianza kuuzwa Novemba 2020. Bodi za A320, B350 na X370 zilisubiri hadi mwaka 2022 kupata ruhusa rasmi ya Ryzen 5000, na si kila mtengenezaji alitoa BIOS kwa kila bodi. Kwa Intel, bodi ya H610 iliyotoka na BIOS ya kizazi cha 12 itakataa cha 14 mpaka isasishwe.

Namna ya kujua: soma jina kamili la bodi, lililochapishwa kwenye bodi yenyewe karibu na soketi au kati ya sloti za kadi, pamoja na namba ya marekebisho kama rev 1.0 au 2.0. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, ufungue orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Mbele ya kila prosesa kuna toleo la BIOS inaloanza nalo. Kama prosesa yako haimo kabisa, usipoteze muda zaidi. Kama imo na toleo linalotajwa ni jipya kuliko ulilonalo, umeshaupata ugonjwa.

Tiba: rudisha prosesa ya zamani, washa, sasisha BIOS, ingia tena ndani ya BIOS uone kwa macho kwamba namba ya toleo imebadilika, zima, chomoa umeme, ndipo uweke mpya. Bodi nyingine hazikubali kuruka kutoka toleo la zamani sana hadi la mwisho. Zinataka upitie toleo la katikati, na tovuti husema hivyo kwenye maelezo ya kila toleo. Yasome. Na usisasishe BIOS siku ambayo umeme unachezacheza. Azima UPS kwa jirani. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, bodi inaweza kubaki haina BIOS kabisa, na hapo utahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandika chip moja kwa moja.

Kama huna prosesa ya zamani, tazama nyuma ya bodi kama kuna kitufe kidogo cha kuandika BIOS bila prosesa. ASUS wanakiita BIOS FlashBack, MSI wanakiita Flash BIOS Button, Gigabyte wanakiita Q-Flash Plus. Unachukua flashi iliyofomatiwa FAT32, unaweka faili la BIOS lililobadilishwa jina kama wanavyoagiza, kwa mfano MSI.ROM kwa MSI au GIGABYTE.bin kwa Gigabyte, unaichomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, unabonyeza. Kinachohitajika ni umeme wa pawa saplai tu, yaani waya mkubwa wa pini 24 na ule wa prosesa. Taa itamweka kwa dakika kadhaa. Usiguse kitu mpaka itulie. Bodi za bei ya chini mara nyingi hazina kitufe hiki, na hapo inabidi umtafute mtu mwenye prosesa inayotambuliwa na bodi yako akuazime kwa nusu saa. Si aibu kuomba: AMD wenyewe mwaka 2018 waliwahi kuwaazima wateja prosesa ndogo ya kuwashia bodi ili wasasishe BIOS.

Tahadhari kwa wenye AM4 waliotoka kwenye prosesa za AMD za A-series kama A6-9500 au A8-9600: kwenye bodi nyingi nafasi ya kuhifadhia BIOS ilikuwa ndogo, MB 16, na ili majina mapya yaingie ya zamani yakaondolewa. Ukishasasisha, prosesa ya zamani huenda isiwake tena kwenye bodi hiyo. Kipimo cha kurudisha prosesa ya zamani hakitakufaa tena, basi hakikisha mpya imo kwenye orodha kabla ya kubonyeza.

Inawaka sekunde chache, inazima, inawaka tena yenyewe

Kwanza hesabu. Ikizima na kuwaka mara mbili tatu kisha ikatulia, huenda inajifunza RAM. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa siku hizi, kwa hiyo prosesa ikibadilika bodi huanza upya kutafuta mipangilio inayofaa. Kwenye AM5 na DDR5 kazi hii inaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi, na watu wengi hukata umeme katikati wakidhani imekwama. Iache. Kanywe chai.

Ikiwa inazunguka hivyo bila mwisho, zima. Sababu za kawaida ni prosesa isiyotambuliwa, pini iliyopinda, au kitu cha chuma kinachogusa nyuma ya bodi, kwa mfano skrubu ya hitisinki (chuma cha kupooza prosesa) iliyodondoka ikapotea. Tikisa kasha taratibu usikilize.

Angalia pia waya wa umeme wa prosesa, wenye pini 4 au 8, unaokaa pembeni ya juu ya bodi karibu na soketi. Huchomolewa ili hitisinki itoke kwa urahisi, kisha husahaulika kwa sababu unajificha nyuma ya feni. Bila waya huo feni zitazunguka vizuri kabisa na hakuna kitakachotokea kwenye kioo.

Taa nyekundu na milio

Mashine ikikulilia, imekurahisishia kazi. HP za ofisi za kizazi cha 8200 Elite, 8300 Elite na EliteDesk 800 G1 humwesha taa nyekundu ya kitufe cha kuwashia na kulia kwa hesabu ileile, kisha hutulia sekunde mbili na kurudia. Mara 2 ni joto la prosesa: hitisinki haikukaa au feni haizunguki. Mara 3, prosesa haionekani. Mara 4, umeme una hitilafu. Mara 5 ni RAM, mara 6 ni grafiki.

Ile ya mara 11 inastahili maelezo, kwa kuwa huja hasa baada ya kubadilisha prosesa. Maana yake prosesa mpya haina uwezo fulani ambao ulikuwa umewashwa kwenye BIOS wakati wa ile ya zamani. Mashine hizi zilitoka kwenye makampuni, na watu wao wa TEHAMA waliwasha ulinzi wa kila aina. Kuna i5 na i7 zilizo na teknolojia ya Intel ya TXT na kuna ambazo hazina. Rudisha prosesa ya zamani, ingia kwenye BIOS sehemu ya usalama, zima TXT, hifadhi, kisha badilisha tena. Utashangaa ni chip ngapi nzima zimerudishwa madukani kwa ajili ya hili tu.

HP za baadaye zimebadilisha lugha: humwesha nyekundu kisha nyeupe. Nyekundu 3 na nyeupe 2 ni RAM, 3 na 3 ni grafiki, 3 na 5 ni prosesa isiyoonekana, 3 na 6 ni lilelile la uwezo uliowashwa. Dell za 790 na 990 zina taa nne mbele zenye namba 1 hadi 4. Piga picha zilizowaka kisha ulinganishe na jedwali kwenye kitabu cha mashine hiyo, kinachopatikana bure kwenye tovuti ya Dell.

Bodi za kisasa za kujiundia zina taa ndogo nne ukingoni, zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Zinawaka kwa zamu na kuzimika. Ile inayobaki ndiyo hatua iliyokwama. Ikibaki CPU, fikiria BIOS, waya wa umeme na pini. Ikibaki DRAM, usikimbilie kununua RAM, soma sehemu inayofuata. Ikibaki VGA na prosesa yako ni ile isiyo na grafiki, jibu unalo tayari.

Pini, na mkono uliokuwa ndani ya kasha

Hapa zima kila kitu, chomoa waya wa ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha kabla hujashika chip.

Kwa Intel pini ziko kwenye bodi, nyembamba na laini, na kosa la kawaida ni kudondosha prosesa kwa kona badala ya kuilaza tambarare. Washa tochi ya simu, ishike pembeni, karibu usawa wa bodi, si juu. Pini nzima zote zinameta kwa mwelekeo mmoja. Iliyopinda inaonekana kama doa jeusi au nukta inayometa kwa upande wake peke yake. Sogeza tochi polepole upande wa pili uangalie tena. Pini moja ikikosa kugusa, matokeo yanategemea ni ya nini: ya RAM inakufanya upoteze sloti mbili zinazotumia njia hiyo, na ndiyo maana taa ya DRAM inaweza kuwaka ilhali RAM ni nzima. Kuinyoosha kunawezekana kwa ncha ya sindano na lenzi ya kukuza, kwa mkono usiotetemeka. Ukijijua kwamba wako unatetemeka, mpe fundi wa simu. Wao wana darubini na hii ni kazi yao ya kila siku.

AM4 pini ziko chini ya prosesa, nene kidogo, na ajali yake ni nyingine. Pesti ikikauka inashika kama gundi, ukivuta hitisinki juu inakuja na prosesa yote, ikichomoka kwenye soketi ambayo bado imefungwa. Njia sahihi ni kuwasha mashine ikafanya kazi dakika kumi ipate joto, kuzima, kisha kuzungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka ilegee ndipo uinyanyue. Pini zikishapinda, chukua penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5, toa risasi yote, vika ule mdomo wa chuma kwenye pini, inyooshe kidogo kidogo. Ukiona mstari wa pini umelala pamoja, ukingo wa kadi ya benki unaweza kupita kati ya mistari na kuuinua. Prosesa lazima idondoke yenyewe kwenye soketi kwa uzito wake. Ikihitaji kusukumwa, kuna pini bado.

Kuhusu pesti yenyewe, niseme tu kwamba inalaumiwa bure. Pesti kidogo, nyingi, au hata plastiki ya kinga iliyosahaulika chini ya hitisinki haizuii picha kutokea. Utaona picha, kisha mashine itazima kwa joto baada ya muda mfupi. Kioo kilicho cheusi tangu sekunde ya kwanza hakitokani na pesti, labda iwe imemwagika ndani ya soketi. Kinachoweza kuleta shida ni hitisinki iliyokazwa upande mmoja kupita kiasi: bodi inajipinda, pini za upande wa pili haziguswi sawasawa. Legeza skrubu zote, kaza kwa msalaba, kidogo kidogo.

RAM na betri ya bodi

Toa RAM zote, rudisha kipande kimoja. Kwenye bodi zenye sloti nne, sloti ya kuanzia kwa kawaida ni ya pili kutoka kwenye prosesa, huitwa A2. Sukuma mpaka usikie mlio wa kishikio. Isipowaka, jaribu kipande kingine, kisha sloti nyingine.

Halafu futa kumbukumbu ya BIOS, maana mipangilio ya prosesa ya zamani, hasa RAM iliyoongezwa kasi kwa XMP, inaweza kuisumbua mpya. Chomoa umeme, toa betri ya CR2032, subiri dakika tano, rudisha. Au tumia jampa (pini ndogo za bodi zinazounganishwa kwa muda) iliyoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1 kutegemea bodi. Betri ya mashine ya miaka kumi huenda imeisha yenyewe. Inauzwa bei ya soda, weka mpya ukiwa umefika hapo. Ujue tu kwamba kufuta huku hakubadilishi toleo la BIOS. Bodi isiyoifahamu prosesa haitaifahamu kwa kutolewa betri.

Ukifika hapa, prosesa ya zamani inawaka, mpya imo kwenye orodha, BIOS imesasishwa, pini ni nzima, kadi ya grafiki ipo, na bado giza, sasa ndiyo prosesa mpya ishukiwe. Ijaribu kwenye mashine nyingine ya aina inayoikubali kabla ya kugombana na muuzaji. Geuza pia usome chuma chake: prosesa ya Intel yenye maandishi "Intel Confidential", na msimbo wa herufi nne unaoanza na Q badala ya ule unaoanza na SR, ni sampuli ya majaribio iliyopaswa kubaki kwa watengenezaji. Nyingine zinawaka kwenye bodi fulani kwa BIOS fulani, nyingine haziwaki kabisa. Hiyo irudishe bila mjadala.

Picha imetokea, lakini ni maandishi meupe yanayouliza Y au N

Kwenye bodi za AMD, ukishavuka yote, unaweza kukutana na ujumbe unaosema prosesa mpya imewekwa na kumbukumbu ya fTPM, yaani hifadhi ya funguo za usalama iliyomo kwenye prosesa, imebadilika, ubonyeze Y au N. Hilo si kosa. Funguo za usalama zilitunzwa kwa kutegemea prosesa ya zamani, na mpya haina namna ya kuzisoma. Ukibonyeza N mashine inaendelea bila fTPM, na ukirudisha ile ya zamani funguo zako bado zipo. Ukibonyeza Y zinafutwa, zinaanzishwa nyingine.

Kama diski haijafungwa kwa BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo, bonyeza Y uendelee na kazi. Kama imefungwa, Windows itakuomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Aliyeingia Windows kwa akaunti ya Microsoft kwa kawaida ataukuta humo akiingia kwa simu. Kwa mashine ya kazini anao mtu wa TEHAMA. Uwe nao mkononi ndipo ubonyeze Y.